Kidole Gumba cha Mama Sindano

Mama Sindano aliwadharau watu wengi, na kila mmoja kwa sababu yake. Aliwadharau madaktari wa vidonge, wauza mafuta ya kuchua, na wagonjwa waliokuja wameshasoma ugonjwa wao kwenye simu. Lakini aliyemdharau kuliko wote alikuwa mkwe wake, na bahati mbaya huyo alimwona kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, kwa sababu alikuwa mwanafunzi wake.

Binti yake ndiye aliyemletea balaa hilo. Alikuja siku moja na mfuko wa machungwa na sauti ya upole, na Mama Sindano akajua mara moja kwamba anaombwa kitu. "Mama, una miaka sitini na tisa. Hivi vyumba nani atavishika?" Vyumba vyenyewe vya matibabu vilikuwa viwili, juu ya duka la rangi, ngazi kumi na tisa zinazonuka tapentaini kutoka chini mpaka juu. Mume wa binti huyo alikuwa ametengeneza friji za watu kwa miaka kumi na minne, kisha sijui shetani gani akampanda, akaenda kusomea kazi ya mama mkwe wake, tiba ya sindano nyembamba zisizo na dawa ndani. Alisoma jioni kwa miaka mitatu, akafaulu mitihani, akafunga karakana na kumwachia mtu mwingine. Kilichobaki ni mwaka mmoja chini ya mkono wa mzoefu, na mwisho wa mwaka huo barua ya mzoefu huyo kwenda baraza la tiba asili. Bila barua hakuna leseni, na bila leseni angerudi kwenye friji ambazo hana tena hata bisibisi ya kuzifungulia.

Mwaka ulikuwa unakwisha Ijumaa. Fomu ya baraza ilikuwa kwenye droo ya meza, chini ya kitambaa, tupu. Hii ilikuwa Alhamisi, na Mama Sindano alikuwa ameshaamua tangu wiki iliyopita kwamba itarudi kwa wenyewe ikiwa tupu vilevile.

Kwani huyu alikuwa mganga? Mikono yake ilikuwa mipana kama makoleo. Akishika sindano nyembamba kama unywele, ungedhani inashikwa na mlango. Halafu mdomo wake. Siku ya kwanza kabisa, Mama Sindano alijipinda kumweleza jambo ambalo yeye mwenyewe alilifuata ng'ambo na kukaa huko miaka mitano. Alimwambia kwamba mikondo ya mwili inakwenda miwili miwili, mmoja wa ndani na mmoja wa nje, kama nyumba mbili zilizopeana mgongo. Mapafu na utumbo mpana ni majirani. Moyo na utumbo mwembamba ni majirani. Na kila mkondo una nukta yake ya kuunganisha, ambayo ndiyo mlango wa uani kati ya nyumba hizo. Nyumba moja ikijaa moshi, fungua mlango wa uani, moshi upate pa kutokea. Nukta hizo zinajulikana, hazizidi kumi na sita, na anayezijua vizuri hahitaji kumchoma mtu mwili mzima kama nungunungu.

Mkwe alisikiliza akiwa amefumbata mikono mbele, kwa adabu zote. Kisha akasema, "Kumbe ni vali, mama. Upande mmoja presha kubwa, upande wa pili presha ndogo. Unafungua vali, presha zinalingana."

Mama Sindano alimtazama juu mpaka chini. "Hapa sigandishi samaki," alisema.

Kilichomuudhi hasa, ingawa asingekiri hata kwa kiapo, ni kwamba yeye alihitaji miaka miwili na mwalimu mkali kuelewa jambo hilo, na huyu fundi friji alikuwa ameelewa kabla chai haijapoa.

Kisha kulikuwa na lastiki. Nukta haina alama mwilini. Lazima ipimwe, na kipimo chake ni upana wa kidole gumba. Si kidole cha mganga, ni cha mgonjwa mwenyewe, maana mtu mdogo ana vidole vidogo na mtu mkubwa ana vikubwa, na mwili unajipima wenyewe. Hiyo ndiyo sheria ya vitabu. Mama Sindano aliiacha sheria hiyo miaka ishirini iliyopita. Kidole chake, alisema, kimeshika mikono ya watu wengi kuliko mlango wa benki. Kikigusa tu kinajua chenyewe pa kuongeza na pa kupunguza. Basi mkwe akaja na kipande cha lastiki ya kiunoni, lastiki hii hii ya suruali, amekichora mistari kwa kalamu ya wino, sehemu kumi na mbili sawa. Ukikivuta kutoka mkunjo wa kiwiko mpaka mkunjo wa kifundo cha mkono, mkono wowote duniani, mrefu au mfupi, unagawanyika mara kumi na mbili.

"Unampima mgonjwa au unamshonea kaptula?" Mama Sindano alimuuliza, mbele ya mgonjwa.

Mkwe akakirudisha mfukoni. Hakujibu, kwa sababu alikuwa mkwe. Mwaka mzima alimwita "mama", alipishana naye mlangoni kwa kurudi nyuma hatua mbili, na hakuwahi hata kumgusa mkono. Hilo nalo lilimuudhi. Mtu unamtukana, naye anakupisha njia.

Lakini haya yote angeyameza, maana hata debe tupu lina kazi yake. Jambo ambalo hakuweza kulimeza lilikuwa wizi.

Chumba chake kilikuwa na sheria moja: zilizoingia ndizo zinazotoka. Yeye anachoma, anakwenda chumba cha pili kunywa chai, na baada ya dakika ishirini mkwe anachomoa na kuhesabu sindano moja moja kwenye sahani ya bati. Kila sindano ilikuja kwenye karatasi yake, na ikishatumika inatupwa. Sasa tangu masika karatasi kwenye pipa zilikuwa nyingi kuliko sindano alizochoma yeye. Akichoma nne, karatasi tano. Akichoma sita, karatasi nane. Boksi lililokuwa likikaa mwezi sasa lilikuwa halifiki wiki tatu. Hesabu hiyo haikumsumbua hata dakika moja. Fundi friji alikuwa anaiba sindano, anakwenda kuchoma majirani zake bila leseni, huko sebuleni kwake, kwenye kochi ambalo Mama Sindano mwenyewe aliwanunulia siku ya harusi.

Za mwizi ni arobaini. Alhamisi hiyo alipanga kumkamata, ili Ijumaa akimnyima barua, binti yake asipate la kusema.

Mgonjwa wa saa saba alikuwa dobi wa mtaa wa pili, mwanamume mwembamba mwenye makovu ya pasi mikononi, ambaye alikuwa na kwikwi kwa siku ya tisa. Hii ilikuwa mara yake ya pili kuja. Hospitali walikuwa wamempima kila kitu wakamwambia hana kitu.

"Nimeshindwa hata, hik, kukunja mashuka," alisema. "Mke wangu amehamia, hik, chumba cha watoto."

"Usiseme. Lala."

Ili chumba kipate hewa, Mama Sindano alifungua dirisha, na kama kawaida sauti ikaingia. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na stesheni ya treni, na kipaza sauti chake kilitangaza kwa sauti nene ya mwanamke, iliyonyooka, kila neno limepigwa pasi. Mama Sindano aliinua kidole juu. Alikuwa akikiinua kila siku, mara nane kwa siku, kwa kila mgonjwa aliyelala pale.

"Unaisikia hiyo? Niliirudisha mimi."

Ilikuwa kweli, na mji mzima uliijua habari hiyo maana alihakikisha wanaijua. Masika hayo mtangazaji yule alipoteza sauti kabisa, akawa ananong'ona kama mtu anayetoa siri, na wakubwa wake walikuwa wameshamwandikia kuhamia stoo ya mizigo. Mama Sindano alimchoma nukta ya kuunganisha ya mkondo wa moyo, kidole kimoja juu ya mkunjo wa mkono, upande wa kidole kidogo, ambayo walimu wa zamani waliitumia kwa sauti iliyokimbia. Safari sita, na mwanamke akarudi kwenye kipaza sauti chake.

Alimshika dobi mkono. Kwa kwikwi na kichefuchefu aliijua nukta yake hata usingizini: ya mkondo unaolinda moyo, vidole viwili juu ya mkunjo, kati ya kano mbili. Akaweka kidole gumba, akaweka tena, akachana karatasi kwa meno. Siku hizi alizichana kwa meno. Viwanda vilikuwa vimeanza kutengeneza karatasi ngumu kwa makusudi. Vifungo vya koti lake jeupe navyo vilikuwa vya ovyo, havikupita tundu, mpaka binti yake akavibadilisha kwa vya kubonyeza. Na ile pete ya ndoa iliyobana mpaka sonara akaikata, hata dhahabu ya zamani, kumbe, inanywea.

Akachoma, akazungusha sindano kidogo, akangoja. Ikifika mahali pake, sindano hushikwa. Mwalimu wake alisema ni kama samaki anapodonoa chambo, na kwa miaka mingi Mama Sindano alimsikia samaki huyo kila mara.

"Unasikia nini?"

"Nasikia, hik, sindano."

"Imeshika," alisema Mama Sindano. "Tulia. Nakwenda kunywa chai."

Hakunywa. Alipita chumba cha pili, akagonganisha kikombe na kisahani ili asikike, kisha akarudi akinyata na kusimama nyuma ya pazia linalotenganisha vyumba. Pazia lilikuwa na uwazi wa upana wa jicho moja. Alijawa na furaha, tena furaha ya waziwazi.

Mkwe aliingia kutoka baraza ya nje. "Pole, kaka," alisema. Akaenda kwenye boksi, akachukua sindano. Naam! Mama Sindano alilikamata pazia. Lakini mwizi hakuitia mfukoni. Alitoa ile lastiki, akainama, akaivuta juu ya mkono wa dobi kutoka kiwiko mpaka kifundo, akaweka doa la wino kwenye mstari wa pili kutoka chini. Mikono ile mipana ilifanya yote hayo taratibu, bila kulitikisa shuka. Kisha akachana karatasi na kuchoma, chini ya sindano ya Mama Sindano.

"Lo," dobi alisema. "Hii imefika mpaka, hik, vidoleni. Kama umeme mdogo."

"Ndiyo tunayoitaka."

"Mbona nyinyi mnachoma mara mbili mbili? Juzi, hik, hivi hivi."

"Ya kwanza ni ya kufungua, ya pili ya kukazia," mkwe alisema, na huku akisema alikuwa anaichomoa ile ya juu, sindano ya mama mkwe wake, na kuilaza kwenye sahani. "Ndivyo mama anavyotufundisha. Lala tu, usiongee."

Mama Sindano alikuwa tayari kutoka na kumwonyesha cha mtema kuni. Mguu mmoja ulikuwa umeshapita pazia. Kuichomoa sindano yake! Mwanafunzi! Lakini chumba kilikuwa kimya kwa namna isiyo ya kawaida, naye akasita kujua kimepungua nini. Alingoja kwikwi. Ikaja moja, ndogo, imechoka. Alihesabu mpaka ishirini, akahesabu mpaka hamsini. Haikuja nyingine.

Akaurudisha mguu.

Dakika ishirini zilipokwisha alitoka kama anayetoka kwenye chai. Dobi alikuwa amekaa kitandani, macho yamemtoka, mkono kifuani, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Mungu akuweke, Mama Sindano," alisema. "Mikono yako ina baraka." Mama Sindano aliushika mkono wake kama anayeuaga, akautazama. Palikuwa na vidoa viwili vyekundu, na kati yao nafasi ya kutosha kulaza punje ya hindi. Mkwe alisimama kando na sahani yake, anatazama sakafu.

Dobi akashuka ngazi. Mama Sindano akafunga mlango.

"Kaa," alisema.

Mkwe akakaa kwenye ncha ya kiti. Mama Sindano akafungua kifungo cha koti, akapandisha mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, akalaza mkono wake mezani. Kwa kidole gumba cha mkono wa pili akapima, kidole kimoja, vidole viwili, akaweka doa la kalamu. Alifanya kwa uangalifu ambao hakuwa ameutumia kwa miaka ishirini.

"Haya. Na wewe pima."

"Mama, siwezi kukushika."

"Sasa hivi mimi ni mgonjwa. Mgonjwa hana ukwe. Pima."

Alipima kwa ncha za vidole, kana kwamba mkono ule ni wa moto. Lastiki ilivutika kutoka mkunjo hadi mkunjo. Akaweka doa lake. Lilikuwa chini ya la Mama Sindano, na nafasi kati yao ilikuwa ile ile.

"Lastiki yako imelegea," alisema Mama Sindano.

"Inaweza kuwa imelegea, mama. Lakini inalegea yote. Mistari inabaki sawa kwa sawa."

Aliyatazama madoa yale mawili. Mkono wa dobi angeweza kusema ni mwembamba kuliko ya watu wengine. Wa mgonjwa mwingine yeyote angeweza kusema hivi au vile. Lakini huu ulikuwa mkono wake mwenyewe, na kidole chake mwenyewe, na kwa sheria ya vitabu hapa ndipo mahali pekee duniani ambapo kidole hicho hakikuweza kukosea. Alikiinua akakitazama. Kifundo chake kilikuwa kimevimba kama kitunguu, na ngozi yake ilikuwa inang'aa. Hakikufika hapo jana. Alikuwa amekiona kila siku na kulaumu vifungo, karatasi na dhahabu. Nyani haoni kundule. Methali hiyo alikuwa akiwapa wagonjwa bure.

"Tangu lini?"

"Tangu masika, mama."

"Wote?"

"Hapana. Ukichoma miguuni unapapasa mfupa, hukosei. Wa mikono tu."

"Na mimi nilidhani unaiba sindano."

"Nilijua, mama. Nilikuona unahesabu karatasi."

Alimtazama, safari hii bila kupanda juu wala kushuka chini. "Ulijua nakuita mwizi moyoni, ukanyamaza."

"Ningesemaje?" Aliikunja lastiki vidoleni. "Mkwe amwambie mama mkwe wake kwamba mikono yake imechoka? Nani angenielewa? Hata nyumbani sijasema."

Ng'ambo ya barabara kipaza sauti kilikohoa, na ile sauti nene ikaingia dirishani kuwatangazia abiria wa saa nane na dakika kumi wasogee jukwaa la pili. Kidole cha Mama Sindano kilianza kuinuka chenyewe, kwa mazoea. Kikaishia nusu.

"Na huyu?"

Mkwe akatazama sakafu. "Huyu alikuja mara sita, mama."

"Sikuulizi alikuja mara ngapi."

"Mara mbili za kwanza zilikuwa zako."

Mtangazaji alirudia tangazo lake lote, kila neno, na Mama Sindano akalisikiliza mpaka mwisho. Iliuma. Iliuma kuliko kifundo cha kidole, na hakuna mlango wa uani wa kuutolea moshi huo. Miezi minane alikuwa amesimama dirishani akijisifia sauti ya watu, na mwenye kazi yake amesimama nyuma na sahani ya bati, anaitwa fundi friji.

Akavuta droo, akatoa fomu. Kalamu ilikataa kushikika vizuri, na mara hii hakuilaumu kalamu. Alijaza polepole, herufi zikipinda, mkwe akijifanya anapanga shuka. Swali la saba liliuliza kama mwanafunzi amewahi kutibu bila msaada wa mwalimu wake, na kwa muda gani, aeleze. Waliacha mistari mitano ya kuelezea. Mama Sindano aliandika maneno mawili, "Tangu masika," akatia sahihi, akamsukumia fomu juu ya meza bila kumtazama.

Aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena tangu juu, kidole chake kipana kikisimama kwenye swali la saba.

"Usinililie hapa," alisema Mama Sindano. "Nenda kaipeleke kabla hawajafunga. Na upitie kwa fundi cherehani ununue lastiki mpya, nyeupe, mita nzima. Hiyo ya suruali inaniaibisha. Unikatie na yangu."

Ijumaa asubuhi mgonjwa wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu mwenye bega lililoganda. Alikuwa amelala, macho darini, wakati kipaza sauti cha stesheni kilipofunguka na sauti kuingia. Mama Sindano alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, mikono mapajani. Kidole kikainuka.

"Unaisikia hiyo?"

"Naisikia. Si ndiyo uliyoirudisha wewe?"

Mama Sindano akasonya. Kidole kikageuka, kikavuka chumba, kikamwelekea mkwe wake aliyekuwa ameinama juu ya mkono wa mwalimu.

"Aliirudisha huyo," alisema. "Tena kwa lastiki ya suruali."